Siku ya Mzazi ni ya Nani?

Ni desturi ya Wakristo wengi kumtolea Mungu siku mpya kabla hawajauvuka mlango. Wako wapigao magoti kando ya kitanda, wako wasemao maneno machache wamesimama uwanjani na jembe begani, na wako waitikao kengele ya kanisa alfajiri kungali giza. Desturi hii ni njema, wala hatukukusudia kuipunguza. Lakini wazazi wametuuliza, tena si mara moja, neno ambalo twaona yafaa litazamwe polepole. Mtu mwenye watoto aitoaje siku yake, naye hana siku? Aamkapo, mtoto amekwisha kuamka. Atakapo kunyamaza mbele za Mungu, mmoja alia njaa, mwingine aulizia kitabu chake cha shule, wa tatu ameupindua mtungi wa maji. Na jioni ikifika, siku yote imekwisha kudonolewa, kama mahindi yaliyoanikwa mbele ya kuku. Basi Mungu amepata nini?

Wako walijibuo swali hili upesi, wakisema: Na waamke mapema zaidi. Tumeona kwamba jibu hili hupenda kutolewa na watu wasio na watoto. Mama aliyenyonyesha mara tatu usiku, ukimwambia aamke kabla ya jogoo la kwanza ili apate kusali sawasawa, hukumfundisha sala; umemfundisha kwamba sala ni kazi ya watu wenye nafasi. Hapana shaka wako walegevu wanaojificha nyuma ya watoto wao, na hao wanajijua. Sisi twasema habari za wale ambao kweli hawana saa iliyo yao.

Kwanza yatupasa kujua kutoa ni nini, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Kitabu cha Ayubu chaanza na habari za mzazi. Alikuwa na wana saba na binti watatu, nao walikuwa na desturi ya kufanyiana karamu, kila ndugu nyumbani kwake kwa zamu yake. Zamu zikiisha, baba yao huwaita, huwatakasa, huamka asubuhi na mapema, na kutoa sadaka za kuteketezwa kwa hesabu ya watoto wote, akiogopa wasije wakawa wamemkosa Mungu mioyoni mwao. Wala hakufanya hivi mara moja, ilikuwa ndiyo kawaida yake. Twaweza kutafuta katika Maandiko yote tusimwone mzazi aliyeitoa alfajiri yake kwa uangalifu kumpita huyu. Kisha twasoma kwamba upepo mkubwa ulitoka jangwani, ukaipiga nyumba ya mwana wa kwanza pembe zake nne, nayo ikawaangukia vijana wote, wakafa siku moja.

Msomaji wa kijijini akifika hapo huweka kitabu chini. Zile sadaka zilifanya kazi gani? Nasi twamwambia, swali lako laonyesha ulidhani sadaka ni kitu gani. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuzindika nyumba. Mganga aliitwa, akafukia dawa mlangoni na katika pembe zote nne, ili baya lisipate pa kupitia. Watu wengi wameacha zindiko, lakini fikira ya zindiko haikuwaacha. Wameifukia sala ya asubuhi pale pale mlangoni, mahali pa ile dawa. Baya likiingia, mtoto akiugua, au binti akirudi kutoka mjini hali yake imebadilika, huona kwamba sala haikufukiwa vizuri, au aliyeifukia alikuwa na kasoro, na pengine mume humtazama mke na mke humtazama mume ili ijulikane kasoro ni ya nani. Tazameni basi kwamba nyumba ya mwana wa Ayubu ilipigwa katika pembe nne, pale pale ambapo mganga angalifukia dawa zake. Kana kwamba mwandishi alitaka kutuambia tangu sura ya kwanza kwamba sadaka ya mzazi huyu haikuwa zindiko, wala yeye hakuitoa kwa sababu hiyo.

Kutoa ni kuondoa mkono. Mtu akipeleka ng'ombe wa mahari, haendi tena kesho yake na kibuyu chini ya kwapa kutaka kumkama. Akifanya hivyo watu watamcheka, na wakwe watauliza kama kweli alimtoa. Lakini wangapi humtolea Mungu siku asubuhi, na jioni huja na kibuyu? Husema: Leo nimesali, mbona mtoto amefukuzwa shule? Siku uliyoitoa si yako tena. Mwenyewe aweza kuweka ndani yake maziwa, aweza kuweka machozi, wala hana deni nawe.

Twajua neno hili ni gumu. Hata hivyo tukilikubali, lile swali la mtoto anayelia katikati ya sala laanza kufunguka. Kama siku ni yangu, nami najitahidi kumkatia Mungu kipande chake, basi mtoto ni kama mwizi. Kila aniitapo ameninyang'anya kipande hicho, nami nitamkemea kwa hasira huku jina la Mungu liko mdomoni mwangu. Lakini kama siku imekwisha kutolewa nilipofumbua macho, mtoto hawezi kuniibia kitu ambacho sinacho. Kilio chake kimeingia katika siku ya Mungu, na Mungu ndiye aliyekiacha kiingie. Mama akiinuka kutoka magotini kwenda kumwosha mtoto aliyejichafua, hakuiacha sadaka yake. Ameifuata ilikokwenda.

Hapa mwerevu mmoja atadakia na kusema: Vema, basi kulima kwangu ndiko kusali kwangu, na kupika kwa mke wangu ndiko kusali kwake, tuyaache magoti. La, ndugu, hatukusema hivyo. Mkulima husema shamba lote ni la Mungu, na hapo hapo huchukua kikapu cha kwanza cha mavuno akakipeleka kanisani kuwa malimbuko. Asiyepeleka hata kikapu kimoja, huku akidai kwamba shamba zima ni la Mungu, majirani watamtilia shaka, na kwa haki. Maneno machache ya asubuhi ni malimbuko ya siku. Hayazidi hapo, lakini hayapungui.

Wala hayana haja ya kuwa mengi. Martin Luther alipoitoa Katekisimo Ndogo, mwaka 1529, aliweka ndani yake sala ya asubuhi na sala ya jioni, apate baba wa nyumba kuwafundisha watu wake. Ni sala fupi. Uji haujachemka, nazo zimekwisha. Na baada ya ile ya asubuhi aliagiza mtu aende kazini kwake kwa furaha, na baada ya ile ya jioni alale mara moja bila wasiwasi. Aliyeandika hivi hakuwa mtawa aliyejifungia peke yake. Ule utawa alikuwa ameuacha, ameoa, nyumba yake ina kelele za watoto na wageni, na mwaka uliotangulia, 1528, alikuwa amemzika binti yake mchanga. Twadhani alijua kwa nini sala ya mzazi haina budi kuwa fupi.

Sasa tuseme juu ya hatari mbili, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto.

Ya kwanza ni ya watu wa kanisa, yaani walimu, wazee, wanakwaya na kina mama wa vyama. Eli alikuwa kuhani huko Shilo, na siku zake zote zilipita katika nyumba ya Mungu. Kama kuikabidhi siku ni kukaa mahali patakatifu, nani aliyeikabidhi kumpita? Lakini wanawe Hofni na Finehasi walikuwa wakinyang'anya nyama ya sadaka mikononi mwa watu, na mabaya mengine zaidi, na baba yao alipowakanya alikuwa mzee sana, na maneno yake yalikuwa laini kuliko kosa. Yuko mwalimu ajuaye ni mtoto yupi katika darasa lake asiyeweza kugawanya, wala hajui mwanawe mwenyewe alilala wapi juzi. Yuko mzee wa kanisa asuluhishaye nyumba za watu mpaka saa nne ya usiku, na kwake hawajaonana na watoto tangu Jumapili. Ukimwuliza husema: Siku zangu nimempa Mungu.

Bwana wetu aliwajua watu wa namna hii. Palikuwa na watu waliosema juu ya mali zao, hii ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, wapate sababu ya kutowasaidia baba zao na mama zao. Naye aliwakemea kwa ukali, akiwaambia kwamba kwa desturi yao wamelitangua neno la Mungu. Ikiwa haifai kumnyima mzazi kwa jina la Korbani, yafaaje kumnyima mtoto? Katika kila siku ya mzazi Mungu mwenyewe ametia fungu la mtoto. Mwenye kulitoa fungu hilo kanisani ni kama aliyechukua mbuzi wa jirani akamleta kuwa sadaka. Kanisa laweza kumpokea bila kujua. Mungu anajua mbuzi ni wa nani.

Hatari ya pili ni ya wazazi wenye bidii nyingi, ambao hawatoi siku yao tu bali hutoa na mtoto, apende asipende. Yeftha aliweka nadhiri kabla ya vita, kwamba akishinda atamtoa yeyote atakayemtokea katika milango ya nyumba yake kumlaki. Akatoka binti yake wa pekee, na matari, na kucheza. Wataalamu wa Maandiko hawakupatana kabisa juu ya lile alilotendewa yule msichana. Lakini jambo moja li wazi: kinywa kilichoahidi kilikuwa cha baba, na deni likalipwa na mtoto. Twawasikia wazazi wakisema: Huyu nimekwisha kumtoa awe padre, au, huyu nimeahidi atakuwa mwalimu kama mimi. Mtoto amesimama kando akisikia, kama mbuzi asikiavyo bei yake gulioni.

Mtu atasema: Je, Hana hakumtoa Samweli? Naam, alimtoa, wala hatulikatai. Lakini tusome habari yote. Kila mwaka Hana alimshonea Samweli joho dogo, akamletea alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Joho la mwaka jana halikumfaa mwaka huu; ilimpasa mama yule, mbali na mwanawe, kuwaza amerefuka kiasi gani, na mikono yake imefika wapi. Yule aliyemtoa mtoto kuliko wazazi wote ndiye huyu aliyeendelea kukadiria kimo chake. Tena, usiku ule sauti ilipoita, haikumwita Hana. Ilimwita kijana kwa jina lake, na yeye mwenyewe ilimpasa kuitika. Hana alikuwa ameuondoa mkono wake juu ya mwanawe, asimdai awe wake; ule moyo wa kuitika hakuweza kuutoa, kwa kuwa haukuwa mali yake. Na aliyeitika vizuri hivyo alipokuwa mzee, wanawe mwenyewe, Yoeli na Abiya, waliokuwa waamuzi katika Beer-sheba, walipenda fedha, wakala rushwa na kupotosha hukumu.

Methali yetu yasema, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli, na mzazi mvivu na aambiwe kila siku. Lakini si kweli yote. Ingalikuwa kweli yote, Samweli angalikula rushwa kama wana wa Eli aliokua pamoja nao nyumba moja, na wana wa Samweli wangalikuwa manabii.

Tunayo mifano isiyo ya Biblia pia, nao mmoja twautaka tuukalie, maana watu hupenda kuusimulia nusu. Katika Uingereza, mahali paitwapo Epworth, alikaa mke wa kasisi jina lake Susanna Wesley. Alizaa watoto kumi na tisa, na karibu nusu yao walikufa wangali wachanga. Nyumba ilikuwa na shida ya fedha. Mumewe aliwahi kufungwa kwa ajili ya madeni. Mwaka 1709 nyumba yao iliteketea usiku, na mtoto wao John, ambaye hajatimiza miaka sita, alitolewa dirishani wakati paa liko karibu kuanguka. Huyu basi si mama ambaye tungemwambia ana nafasi.

Siku moja alisoma habari za wamisionari wa Denmark waliokwenda India, na moyo wake ukawaka. Alijiona si mwanamume wala si mhudumu wa kanisa, na kwenda India hawezi. Lakini akaona laweza kufanyika jambo zaidi ya lile alilolifanya, akaanza na watoto wake. Mwaka 1712 alimwandikia mumewe, aliyekuwa London, akamweleza mpango wake: kila jioni alikuwa na mazungumzo na mtoto mmoja, peke yao. Jumatatu ilikuwa ya Molly, Jumanne ya Hetty, Alhamisi ya John, na wengine kadhalika. Yaani hakutafuta jioni ya kumpa Mungu mbali na watoto. Alimpa Mungu jioni kwa kumpa kila mtoto ya kwake.

Na tuseme neno kidogo juu ya jioni, maana sisi Waswahili tulipaswa kuelewa jambo hili mbele ya Waingereza. Kwa hesabu yetu ya zamani siku yaanza jua likitua. Usiku wa Ijumaa ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa. Na sura ya kwanza ya Mwanzo yahesabu vivyo hivyo, jioni kwanza, ndipo asubuhi. Mzazi adhaniye siku yake imekwisha na hakuna alichompa Mungu, kumbe siku yake ndiyo yaanza, nayo yaanza kwa kuwasha taa, na chakula, na watoto waliochoka, kisha usingizi, ambapo hafanyi lolote na Mungu afanya yote. Kufika alfajiri, nusu ya siku imekwisha kuwa ya Mungu bila msaada wa mtu. Faraja hii si ndogo kwa mama aliyelala na sala yake haijafika amina.

Turudi Epworth. Yule mtoto wa Alhamisi alikua, akawa mhubiri mkubwa, na watu waitwao Wamethodisti walitokana na kazi yake. Alipokuwa mtu mzima, mwalimu katika chuo cha Oxford, aliandika kumwomba mama yake ampe tena sehemu ndogo ya jioni ya Alhamisi kama zamani. Wengi husimulia mpaka hapo, wakafunga kitabu, wakasema: Mnaona faida ya mama mwenye kusali! Sisi twauliza: Na Jumanne je?

Mtoto wa Jumanne alikuwa Hetty, msichana mwenye akili nyingi, ambaye baadaye alitunga mashairi yaliyosifiwa. Mwaka 1725 alitoroka na mwanamume aliyemwahidi ndoa, asimwoe. Akarudi kwao na aibu yake ikionekana kwa macho. Upesi akaozwa kwa mtu mwingine asiyelingana naye, na ndoa ile haikuwa na furaha. Baba yake, kasisi, aliyesimama madhabahuni miaka mingi, alikataa kumsamehe. Mama ni yule yule wa Jumanne na Alhamisi, na malezi ni yale yale. Aliyesema Alhamisi ni ushahidi wa sala ya mama hana budi kuieleza Jumanne, au anyamaze kwa zote mbili.

Twajitahidi kulitamka wazi tulionalo. Mzazi aliyeitoa siku akitazamia mshahara hawezi kumsamehe mtoto aliyeupoteza mshahara huo. Hasira yake si juu ya dhambi tu. Ni hasira ya mtu aliyefanya kazi miaka ishirini, na siku ya malipo akaambiwa hapana kitu. Ndiyo maana wazazi wa dini huwa pengine wakali kwa aliyeanguka kuliko wazazi wa mataifa. Hawa hawakutarajia mengi. Kwa hiyo msamaha ndio uonyeshao kama siku zile zilikwisha kutolewa, au zilikuwa zimewekwa akiba tu. Na katika ule mfano wa mwana mpotevu twaona kwamba kaka mkubwa alikuwa na hesabu ya miaka aliyotumika na ya mwana-mbuzi asiyepewa, bali baba hakuwa na hesabu yoyote. Alikimbia njiani kumlaki mwanawe.

Liko neno moja zaidi juu ya nyumba ile ya Epworth. Mwaka 1726 John alisimama akahubiri juu ya upendo uwapasao hata watu waliokosa, na baba yake akaona kwamba ni yeye aliyekusudiwa, kwa habari ya Hetty. Basi jioni za Alhamisi hazikupotea, lakini tazameni zilikwenda wapi: mtoto wa Alhamisi alimtetea mtoto wa Jumanne, wakati baba alipofunga mlango. Susanna hangaliweza kupanga hivyo alipokuwa akigawanya jioni zake.

Sasa tunaulizwa na mtu wa kwetu: Mimi nina watoto sita, mafuta ya taa ni ghali, na usiku huanguka kama gogo. Nifanyeje? Hatumwambii aige Epworth. Musa aliwaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao waketipo nyumbani na waendapo njiani, walalapo na waamkapo. Hakutaja meza wala taa. Mtoto mmoja na aende nawe mtoni, mwingine akushikie kamba ukimkama mbuzi, mwingine akusaidie kupukuchua mahindi. Siku yake iwe yake, usimkaripie siku hiyo kwa makosa ya juma zima, na umwache aseme. Watoto wengi hutazama chini wakiulizwa uso kwa uso, bali wakitembea nyuma yako njiani na ndoo kichwani husema mambo ya ajabu. Baba asidhani kazi hii ni ya mama. Kwa sala, asubuhi mtaje kila mmoja kwa jina, hata kama jina tu ndilo ulilo na nafasi ya kulitaja, kisha inuka uende zako.

Na yule aliye mbali? Hapana kijiji kisicho na nyumba ambayo kijana wake alikwenda mjini, barua zikakoma, na kwao hawajui kama yu hai, au yu gerezani, au amewaonea haya. Wazazi wengine huacha kumtaja, kwa uchungu. Wengine humtaja kwa kumlaumu, na ndugu zake wadogo husikia. Kwa hao twashauri kwamba zamu yake isigawiwe mtoto mwingine. Jioni ile ikifika, mzazi na akae kidogo mahali walipozoea kukaa wawili, alitaje jina lake mara moja bila kuongeza neno la lawama, kisha aufukie moto kwa majivu hata asubuhi, mlango auache bila komeo, akalale.